Holi imenimezea mama

Mnaosema Holi, sikukuu ya rangi ya Wahindu, ni fujo tu, leo nusura niwaunge mkono.

Mama amepoteza kumbukumbu. Tulikuwa tukipita karibu na hekalu hapa Thika, nikageuka kununua maji, akaingia kwenye umati uliokuwa ukirushiana rangi.

Nikamuuliza dada mmoja wa Kihindi, "Umemwona shosho, mama mzee mwenye leso ya kijani?"

"Mzee, hapa kijani kimeisha. Sote ni rangi ya waridi."

Nikalia hadharani. Wakanipaka rangi hivyo hivyo.

Nilimkuta ameketi na akina mama, mashavu mekundu, anakula ladu, vitamu vya Kihindi.

"Na wewe ni wa nani?" akaniuliza.

"Wako, mama."

Huniuliza hivyo kila asubuhi, naumia. Leo nilikuwa zambarau hadi masikioni. Hata nyinyi mngeniuliza.