Namba Yenye Niliandikia Beni

Ile asubui tulitoka Butembo kwenda Beni. Nilikuwa nimekaa mu gari pembeni ya mugeni wetu, mama moja wa Nairobi, fiche, ile karatasi ya kuandikia namba, iko juu ya magoti. Kazi yetu sisi wawili ilikuwa kuangalia kama Beni inaweza kupokea mukutano wa kimataifa ya bamama balimaji ba kakao na kahawa, siku ine, bageni kutoka inchi mingi. Muji moja ya Uganda nayo ilikuwa imeomba. Tulipashwa kupatia kila muji namba, kutoka moja mupaka kumi: salle ya mukutano, vitanda, maji, chakula, na usalama.

"Usalama andika wewe," mama wa Nairobi aliniambia. "Wewe ndiye wa huku. Mimi nitajua nini?"

Aka! Alisema vile bila shida. Nikiandika namba ya juu, bageni bakuye Beni, kiisha batu babaya ba bunduki batoke mu pori, damu ya bale bamama itaulizwa kwangu. Nikiandika namba ya chini, ni yaya yangu njo nitakuwa nimemufungia mulango.

Juu yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja, eko Beni, na ni yeye mukubwa wa bamama ba kakao kule. Shamba yake upande wa Mutwanga alishaacha, anaogopa kukanyaga kule tena. Ule mukutano aliungojea kwa moyo yote. "Bakuye tu batuone," alikuwa ananiambia mu simu. "Banunuzi banatuogopa juu hawatujue."

Mbele ya kutoka nilikuwa nimefanya yenye kila mutu wa huku anafanya. Nilipigia simu batu tatu benye banaishi ku barabara, nikauliza, "Fasi iko je?" Bote tatu balisema iko calme, hakuna shida. Kufika kijiji ya Maboya, motari moja, mutu wa pikipiki, alitokea mbele yetu, anatoka upande wa Beni. Shofa akapunguza mwendo, akamuangalia uso vizuri, kiisha akaendelea. Mama wa Nairobi akauliza dereva anamtazama nini yule kijana.

"Anaangalia tu kama anaogopa," nikasema.

"Na akiwa anaogopa?"

"Tunageuza."

Nilijibu vile bila kufikiri. Tukaendelea mupaka Beni. Na mimi, kweli ya Mungu, nilichukua bic nikaandika saba pale ku usalama. Saba! Wiki tatu hatukusikia mubaya upande ule, donc kwetu ile inaitwa muzuri.

Yaya alikuwa ametayarisha kila kitu. Salle ya parokia ilikuwa imefagiliwa, vitanda bimetandikwa, na juu ya paa ya baraza fundi alikuwa anapigilia manjanja mupya, bati ya kuezekea, juu mvua isitie bageni aibu. Yaya akanivuta pembeni. Akaninongoneza kama jana yake alikuwa amefundisha bamama bote, Bakatolika na Baprotestanti: kesho, hata musikie mulio gani, hapana mutu analala chini mbele ya mugeni. Kwetu mugeni haonyeshwe njaa, hata kama chungu iko bule unawasha moto, moshi ionekane. Yaya aliona woga nayo ni vile vile.

Nilicheka. "Yaya, sasa umekuwa komanda?"

"Nyamaza," akasema. "Utanichekelea mugeni akishaenda."

Bamama baliimba wimbo ya karibu, bamevaa vitenge ya rangi moja, wimbo ikafika katikati. Njo saa ile manjanja ilimuponyoka fundi, ikaanguka ku simenti. Paaa!

Hakuna mwenye alilia. Ile njo inaniogopesha mupaka leo. Bamama bote balienda chini mara moja, kila mutu chini ya banc yake ya kukalia, benye nguvu juu ya bazee, mikono juu ya kichwa, kimya kabisa. Yaya mwenye alikataza alikuwa wa kwanza. Mugeni peke yake alibakia amesimama katikati ya salle, mukoba ku bega, anaangalia migongo yetu. Nasema yetu juu na mimi nilikuwa chini ya meza, kidevu ku simenti, fiche ku meno. Namna ilifika ku meno, sijue.

"Pardon, bamama, ni manjanja!" fundi akapiga kelele kule juu.

Mama moja akacheka, bengine bakacheka, bakapangusa vumbi ku vitenge. Wimbo ikaendelea palepale ilikatikia, hapana hata neno moja yenye ilirukwa. Mugeni alitoka inje. Nilimukuta ameegemea ukuta, mukono ku kifua.

"Nani aliwafundisha?" aliniuliza.

Nani anafundisha mutu kitu ya vile? "Hakuna mutu, mama," nikasema. "Tulizoea tu."

Nilijisikia nikisema tulizoea. Niliona bale bageni bote bamesimama sawa yeye katikati ya salle, hawajue fasi ya kulala chini, siku yenye haitakuwa manjanja. Nikakata saba. Nikaandika moja.

Sheria ya ile kazi inasema wenyeji basome namba mbele ya kutia sahihi. Yaya alivaa miwani yake, akasoma pole pole: salle, nane, chakula, kumi. Alicheka kidogo pale ku chakula. Kiisha akafika chini.

"Moja?"

"Yaya, nisamehe. Bageni bakikufa hapa, nitaishi namna gani? Naogopa."

Nilingojea makelele, juu yaya eko mukali, soko yote inamujua. Hakupiga makelele. Alichukua bic mu mukono yangu, akatia sahihi.

"Uliandika kweli," akasema. "Hapa haiko fasi ya kulalisha mutu siku ine."

Akatoa miwani, akaniangalia.

"Lakini mimi, mudogo wangu, nalala hapa miaka yote hii. Juu yangu uliogopa siku gani?"

Shofa alianza kupiga honi, juu kupita ile barabara ya Butembo jua ikishaanza kushuka ni hatari. Nilikumbatia yaya, na yeye akaacha nimukumbatie, mikono yake chini. Kiisha nikapanda gari, nikamuacha pale.