Wiki Aliyougua Mzee Asukulu

Mapatano ya amani yalikuwa yanangoja sahihi tu pale Mzee Asukulu, mkuu wa wapiganaji wa upande wa ziwani, alipoletwa kwenye hospitali ya mji wa Baraka kwa mtumbwi kutoka rasi ya Ubwari. Kipindupindu kilikuwa kimemkausha hata macho yameingia ndani. Zamu ilikuwa ya Ketsia Umulisa, muuguzi aliyezaliwa Minembwe, juu milimani kwa wafugaji, upande wa pili wa vita.

"Huyu asimuguse," msaidizi wa mzee alisema. "Ni mutoto wa adui."

Mzee alifumbua macho. "Mwache afanye kazi yake. Mi niko na kiu."

Ketsia alitafuta mshipa, akamtundikia chupa ya serumu, akakaa naye. Alijua kwamba msaidizi yule hakuyataka mapatano. Mzee akifa, yeye ndiye angeshika nafasi yake, na njia ya Minembwe ingebaki imefungwa. Mama yake Ketsia alikuwa huko juu. Hawakuwa wameonana tangu vita vianze.

Mzee alipona. Alipanda hadi mji wa Fizi angali dhaifu, akatia sahihi mbele ya watu wake, na wengi wakamfuata.

Kiangazi kilipofika, njia ikiwa imefunguliwa, mama yake Ketsia alishuka kwa pikipiki na bidoni iliyojaa maziwa. Walikumbatiana wakilia. Kabla hata ya kula, mama aliomba apelekwe kwa mzee.

"Aksanti baba, umenirudishia mutoto," akamwambia.

"Aksanti ni yangu, mama," mzee akajibu, akimvutia kiti. "Bila huyu mutoto wako, wote tungekuwa tunazikana mpaka leo."

Ketsia akamimina maziwa huku akimshukuru Mungu moyoni, na wazee wale wawili wakaanza kuulizana habari za ng'ombe na samaki.