Mtihani wa Kipusa

Shuleni walimwita Mwalimu Hafelishi, na jina lenyewe alilipenda, asikudanganye mtu. Mwaka wa kumi na moja huo alikuwa akifundisha darasa la kwanza, na wazazi waligombania nafasi kwake tangu watoto wao hawajaota meno. Watoto wa watu walisoma. Wa kwake, Kipusa, alikuwa na miaka miwili na nusu na hakuwahi kumwita mama hata siku moja.

Kipusa hakuwa kiziwi. Karatasi ya biskuti ikichanwa chumba cha pili, alifika mbio. Lakini ukimwita jina, ni kama umeuita ukuta. Aliweza kukaa saa nzima akifungua na kufunga mlango wa kabati, ila hadithi ya kurasa nne hakuwahi kufika ukurasa wa pili.

"Mwache mjukuu wangu," mama mkwe alisema kwenye simu. "Hata baba yake alichelewa kusema. Sasa hebu jaribu kumnyamazisha uone!"

Baba mwenyewe alifanya kazi mbali, akipiga simu kila Jumapili. "Niwekee mtoto nimsalimie," husema, na mwalimu huiweka simu kwenye sikio la Kipusa, kisha wote watatu hunyamaza. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na msemaji mmoja. Umeshiba? Umeshiba. Tukaoge? Haya, twende tukaoge. Alijiuliza na kujijibu mwenyewe kutwa nzima ya Jumamosi, na upweke huo hakuwa na wa kumweleza. Nani atamhurumia mtu kwa kuwa peke yake, na mtoto amempakata?

Mwishowe akapata tarehe ya hospitali, mtoto akapimwe usemi na utulivu wake. Muuguzi aliyemwandikia tarehe akamdokeza, kwa wema tu, yatakayoulizwa: kupanga vipande vya mbao, kuonyesha pua, kutambua picha. Hapo ndipo mwalimu alipoharibu. Maisha yake yote hajawahi kumwacha mtoto aingie kwenye mtihani bila kumwandaa. Alitafuta vipande vya mbao kwa seremala, akachora kadi kwa mkono wake, na kwa wiki sita kila jioni Kipusa akafundishwa. "Pua iko wapi?" Biskuti. "Paka yuko wapi?" Biskuti.

Siku ikafika. Mtaalamu alikuwa dada kijana mwenye macho ya uchovu, na foleni nje ilikuwa imeshuka hadi ngazini. Kipusa alipanga mnara wa vipande vinane. Akagusa pua, akagusa paka, na kila mara akanyoosha kiganja kudai chake.

"Akiitwa anageuka?"

"Anageuka," mwalimu alisema.

"Ana maneno mangapi?"

"Kama hamsini hivi." Uongo huo aliutoa kwa sauti ileile anayosomea matokeo.

"Hongera, mama. Mtoto yuko sawa. Kwa mwalimu wa usemi imebaki nafasi moja tu mwaka huu, basi nitampa mwingine."

Alitoka kifua mbele. Amefaulisha tena! Akatoa simu ampe mtu habari, akaona hana wa kumpigia. Mume angeuliza kwani kulikuwa na nini, na mama mkwe angesema si nilikwambia. Alipoinua macho, Kipusa alikuwa ameshachomoka, amesimama mwisho wa korido mbele ya bomba linalovuja, akitazama matone.

"Kipusa!"

Mwalimu akasogea hatua mbili.

"Kipusa, njoo kwa mama."

Mtoto wa mtu kwenye benchi aligeuka. Wake hakugeuka. Ndipo, bila kufikiri, ikamtoka ile sauti ya kila jioni.

"Pua iko wapi?"

Kidole kikapanda kikagusa pua. Macho hayakutoka kwenye matone. Mkono wa pili ulinyooshwa nyuma, kiganja wazi, ukingoja biskuti.

Mwalimu aliketi palepale sakafuni na gauni lake zuri, akalia. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na yeye alikuwa ameuficha kwa ufundi wa miaka kumi na moja. Kisha akamnyanyua mtoto, akaipita foleni nzima, watu wakiguna na kumsonya, akaingia tena kwa mtaalamu.

"Nilimfundisha majibu," alisema kabla hajafika kwenye kiti. "Yote. Wiki sita. Akiitwa hageuki. Neno hana, hata moja."

Mtaalamu alimtazama. "Hata mama hasemi?"

"Hata mama." Hakuwahi kulitamka hilo mbele ya mtu. "Ile nafasi umeshaitoa?"

"Bado. Kaa, mama."

Kadi zikarudishwa kwenye droo, karatasi mpya ikatolewa. Wakaanza swali la kwanza, la pili, la kumi, na kila palipoulizwa kama mtoto anaweza, Mwalimu Hafelishi alimkumbatia bintiye kwa nguvu na kusema, "Hawezi. Andika."