Damu ya Bwera Inayopanda Treni

Saa moja asubuhi, Nasani Masereka amesimama mlangoni pa kliniki ya kifua kikuu, Bwera, akihesabu wagonjwa kwa macho. Walioitwa ni kumi na tisa. Waliofika ni saba, na wote wameficha mikono ndani ya shuka.

"Wananiangalia kama mwizi wa mbuzi," anasema.

Nasani, mwenye miaka 41, ni mpimaji msaidizi wa damu. Tangu Januari mwaka jana, 1972, kila mgonjwa hutolewa damu mara tatu: anapoanza dawa, katikati, na anapomaliza. Chupa hutiwa katika sanduku la barafu, zikaenda kwa basi mpaka Kasese, kisha zikapanda treni ya Kampala.

Huko daktari mmoja hupima vimeng'enya vinavyoukinga mwili dhidi ya sumu zake wenyewe. Anataka kujua kama ugonjwa huvipunguza na kama dawa huvirudisha.

Maelezo hayo Nasani ameyakariri kama sala. Ila majibu hayajarudi hata moja.

"Miezi kumi na minne! Hata barua ya salamu hakuna. Mutu akiuliza damu yake iko wapi, mimi nasema nini?"

Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Sokoni wanasema damu inauzwa. Wagonjwa kumi na mmoja wamekimbia sindano ya Nasani, na kwa woga huohuo wakaacha vidonge. Wawili kati yao wameshazikwa.

Anayemtia hofu leo ni Akumu, mke wa Sajini Drani wa kambi ya jeshi. Amebakiza miezi mitatu ya dawa. Akikimbia, kifua kitarudi.

Amekuja na mumewe.

"Wewe, musawo!" Drani anamfokea mpimaji. "Damu ya bibi yangu unauza wapi?"

"Siuzi, afande."

"Onyesha!"

Akumu anakubali kuchomwa kidole. Nasani anadondosha tone kwenye kioo, analitia dawa ya kuoshea vidonda. Povu jeupe linafura. Alitaka waone kimeng'enya cha damu kikiivunja dawa hiyo. Maskini, amejipalia makaa.

"Inachemka!" anapiga kelele mzee mmoja, na wagonjwa wanasukumana kutoka nje.

Drani anamkamata Nasani shati. "Umewekea yeye sumu!"

Akumu hasogei. "Mwache, Drani. Musawo, toa yako."

Nasani anajichoma. Tone lake nalo linatoa povu. Akumu anainama, anayatazama yote mawili.

"Basi tuko sawa. Sasa huyu daktari anatafuta nini?"

"Kiasi cha hicho kinachotoa povu, mama. Kama yako imepungua."

"Imepungua?"

Nasani anafuta vioo. Baadaye anakiri kwa mwandishi wa habari hii, kwa aibu, kwamba hata yeye ameanza kumshuku daktari huyo.

Akumu ametoa mkono atolewe damu, kwa sharti moja: chupa yake isisafiri peke yake. Kwa hiyo Jumatatu Nasani atapanda treni na sanduku magotini.

"Nitakaa mlango ya daktari mpaka aandike namba ya damu ya Akumu kwa karatasi. Akikataa, nitarudi niambie yeye kweli: sijui. Dawa nitaendelea kutoa. Damu ya watu sitagusa tena."

Anatumaini karatasi hiyo itawarudisha wale tisa waliokimbia na bado wako hai.

Drani, aliyekuwa akisikiliza, anavaa kofia yake. Treni inarudi Alhamisi, anasema, na yeye atakuwa stesheni kuiona karatasi hiyo.