Nyumba Iliyouzwa kwa Imani

Tangu mwezi wa tatu Mumbua alikuwa akiamka na kufagia boma kana kwamba waziri anakuja. Alifagia, akanyunyizia maji ili vumbi litulie, akapangusa vioo vya madirisha kwa gazeti, kisha akaketi barazani na simu mapajani kungoja mnunuzi. Sasa mwezi wa sita ulikuwa unakwisha. Boma lilikuwa limefagiwa mpaka mizizi ya mparachichi ikatokeza, na nyumba ilikuwa pale pale, na yeye yumo ndani.

Si kwamba watu hawakuja. Alikuja bwana mmoja kutoka Nairobi, akapiga picha kila chumba, hata choo, akasema "tutawasiliana," na mawasiliano yakaishia hapo. Wakaja mume na mke walioipenda nyumba mpaka walipouliza maji yanatoka wapi. Akaja mzee kutoka Kyuso ambaye hakuwa na pesa ila alikuwa na ekari kumi na mbuzi thelathini, akataka wabadilishane. Mumbua alimpa chai, maana mgeni ni mgeni, lakini mzee alipoondoka alijifungia jikoni akalia. Kila aliyemuuliza alimpa jibu lile lile: pesa imepotea, nyumba haziendi mwaka huu. Kule Malili, walisema, kuna ploti zina bango la kuuzwa mpaka bango lenyewe limeoza.

Angekuwa anauza kwa tamaa, angengoja. Lakini Mumbua hakuwa na nafasi ya kungoja, na sababu ilikuwa mguu wa mumewe.

Mumewe Kimeu alikuwa fundi wa mawe, mtu mkubwa mwenye sauti kubwa, aliyejenga nusu ya maduka ya Mukuyuni. Nyumba hii yao aliijenga juu ya mlima, ngazi ishirini na mbili kutoka barabarani, akajivunia kwamba kutoka hapo anaona kazi yake yote. Mwezi wa kwanza alianguka kazini, akapooza upande mmoja. Mkono ulirudi kidogo, maneno yakarudi nusu, mguu wa kulia ukakataa. Daktari wa mazoezi ya viungo kule mjini Wote, msichana asiyecheka ovyo, alimwambia Mumbua bila kuzunguka: mguu kama huu hurudishwa miezi ya mwanzo, ukiachwa ukae, unazoea kukaa. Waje mara mbili kwa wiki.

Mara mbili kwa wiki! Kumshusha Kimeu ngazi zile kulihitaji wanaume wanne. Vijana wa bodaboda walimbeba mara kadhaa, na siku moja wakateleza, wakamwangusha karibu na barabara, mbele ya wateja wa maduka aliyoyajenga mwenyewe. Kimeu akaapa kwamba hatabebwa tena kama gunia la mahindi. Hapo ndipo Mumbua alipopata wazo lake. Mwalimu Mulwa, rafiki yao aliyestaafu, alikuwa anauza nyumba ndogo kule Wote, kwenye tambarare, haina ngazi hata moja, na geti la hospitali unaliona ukiwa mlangoni. Mulwa akaahidi kuwawekea mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Basi kila siku ya kliniki ilipofika, Mumbua alisema, "Tukishahamia Wote utaenda hata kila siku, Baba Mutanu." Kimeu alitazama mguu wake, na kadi ya kliniki ikabaki kwenye droo.

Mwishoni mwa mwezi wa sita broka wao, Yakub, akamleta mwalimu Fahima, aliyehamishiwa shule moja ya hapo Mukuyuni. Fahima alikuja mara mbili. Mara ya pili alikuja na futi, akaanza kupima madirisha ya sebuleni.

"Mama," Yakub akamnong'oneza Mumbua, "mtu akianza kupima pazia, huyo amenunua. Anangoja tu bwanake, Idris, arudi kutoka Garissa tarehe kumi. Wewe tulia."

Tulia! Ni rahisi kumwambia mtu atulie wakati mguu si wa bwanako. Matumaini yalimsumbua Mumbua kuliko kukata tamaa. Alipokuwa hana mnunuzi alikula chakula chake. Sasa sahani ya ugali ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Aliwaza Idris akikataa itakuwaje, aliwaza gari la Garissa likipata ajali, aliwaza Fahima akihamishwa tena.

Jumapili hiyo kanisani kwao kulikuwa na mhubiri mgeni, mwembamba, mwenye sauti ya kutikisa mabati. Somo lake lilikuwa moja tu: Mungu hamsikii anayesema nitapata, anamsikia anayesema nimepata.

"Usingoje kuona ndio ushuhudie!" alipaza sauti. "Shuhudia leo! Kazi imepatikana! Mume amepatikana! Visa imetoka!"

Watu wakaanza kusimama mmoja mmoja. Mama mmoja akashukuru kwa gari ambalo kanisa zima lilijua hana. Mumbua akasikia magoti yanamwinua yenyewe.

"Bwana asifiwe," akasema. "Mimi namshukuru Mungu kwa sababu nyumba yangu imeuzwa."

Angekomea hapo, huenda yangekuwa madogo. Lakini mwenye kiu akipewa maji haonji tone moja akarudisha kikombe. "Imeuzwa kwa bei nzuri," akaongeza, "na mwezi ujao tunahamia Wote." Vigelegele vikapasuka, kinanda kikaingia, na Mumbua akacheza mpaka kilemba kikamwangukia mabegani. Siku hiyo alikula, akalala mpaka jua likamkuta kitandani.

Ushuhuda wa gari watu waliucheka wakiwa njiani kurudi makwao. Wa nyumba waliuamini, kwa sababu walikuwa wamemwona mwalimu Fahima na futi yake. Jumatatu jirani alikuja kuuliza kama kochi litabaki. Jumanne shemeji yake alipiga simu kutoka Kitui, akasema amesikia wamebarikiwa, na watoto wamefukuzwa shule kwa kukosa karo. Jumatano mzee mmoja wa kanisa alipita kumkumbusha, kwa upole sana, habari ya fungu la kumi. Mumbua aliwajibu wote "Mungu ni mwema," akaingia ndani. Kitu kimoja tu hakikutokea: simu ya mnunuzi haikulia. Tarehe kumi ilifika, ikapita.

Tarehe kumi na moja Yakub alipanda ngazi amekasirika, hata chai akakataa.

"Mama, mimi nimekuletea watu kumi na mmoja hapa. Unauza bila kuniambia, hata SMS?"

"Nani amekwambia nimeuza?"

"Mukuyuni yote! Walimu wenzake wamempa Fahima hongera ya nyumba. Na yeye hajalipa hata shilingi. Si akajua kuna mwingine amelipa? Saa hii wanaangalia ingine huko chini."

Mumbua akatafuta kiti kwa mkono, akaketi. "Yakub mwanangu, sijauza. Nilisema kwa imani."

"Hata sisi tuko na dini, mama," Yakub akasema. "Lakini nyumba tunasema imeuzwa pesa ikiingia."

Mumbua akampigia Fahima pale pale. Fahima alikuwa na heshima, na heshima ile ilimuumiza kuliko matusi.

"Mama, usikasirike na mimi. Watu mia mbili wamesikia ukisema umeuza. Leo ukiniambia haijauzwa, nitajuaje hutaki kuiuza mara mbili? Watu wanalizwa hivyo kila siku. Kama ni kweli haijauzwa, sema pale pale ulisemea."

Basi Mumbua akaenda kwa Pasta Musyoka kuomba nafasi ya kusema. Pasta alikuna kidevu. "Mama Mutanu, ukisimama ukane, si utabomoa imani ya wengine? Ngoja kidogo. Inaweza kuuzwa hata wiki hii, na hapo hutakuwa umedanganya." Mumbua alirudi nyumbani. Alimwogopa Mungu, aliogopa watu, aliogopa mwisho wa mwezi wa saba. Na hofu iliyomkaba kuliko zote ilikuwa hii: je, kama Mungu alikuwa karibu kabisa kujibu, naye anakwenda kuyafuta maneno?

Alimkuta Kimeu kwenye kiti chake, mkono mzuri ukipapasa ukuta, jiwe baada ya jiwe. Hapo ndipo Mumbua alipokumbuka kwamba mumewe naye alisikia hongera za majirani, na hakuna aliyemwambia vinginevyo. Kwa siku kumi na mbili alikuwa akiiaga nyumba yake. Aibu ikamshika Mumbua hata akaketi sakafuni, akamweleza yote.

Kimeu alisikiliza. Maneno yake siku hizi yalitoka moja moja.

"Mimi... nilitaka mguu," akasema. "Wewe... ukashika nyumba."

"Si wewe ulikataa kubebwa!" Mumbua akafoka. Hasira ya miezi yote ilitoka mara moja. "Uliapa! Vijana wote walikusikia!"

"Nilikataa... siku moja." Kimeu akavuta pumzi. "Wewe ukaacha... kuuliza."

Mumbua aliinuka akaenda jikoni kuwasha moto, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi.

Jumapili alisimama wakati wa matangazo, kabla Pasta hajamwita wala kumkataza. Magoti safari hii hayakumwinua. Ilibidi ashike kiti cha mbele.

"Bwana asifiwe. Nyumba yangu haijauzwa," akasema. "Mungu hakuniambia imeuzwa. Ni mimi nilisema, kwa sababu niliogopa."

Yule mama wa gari akainamisha kichwa na kutafuta kitu kwenye mkoba. Pasta Musyoka akakohoa, na kila mtu alidhani Mumbua ataketi.

"Na kuna ingine," akasema. "Nimekuwa nikiwaambia Baba Mutanu anaendelea vizuri. Haendelei. Hajaenda kliniki tangu mwezi wa tatu. Nataka wanaume wanne kesho asubuhi saa kumi na mbili, wa kumbeba mpaka barabarani."

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha yule mzee wa fungu la kumi akainua mkono, akasema yeye atashika upande wa mguu.

Kesho yake walikuja sita. Walimfunga Kimeu kwenye kiti kwa leso mbili, wakaanza kushuka, naye akawagombeza kutoka ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho. "Shika... chini! Chini ya goti! Wewe ni fundi... ama karani?" Wanaume walicheka huku wakihema, na Mumbua nyuma yao, akibeba mkoba na kadi, alishika roho mkononi mpaka kiti kilipogusa lami. Wakiwa njiani simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Yakub: Fahima amesikia, Idris anataka kuja kuiona nyumba mwenyewe, lakini bei iteremke, na wasimharakishe. Siku kumi na saba zilibaki kwa mwalimu Mulwa. Mumbua alisoma ujumbe mara moja, akaizima simu.

Daktari alimlaza Kimeu kitandani, akaweka kiganja chake chini ya unyayo wa kulia. "Sukuma, mzee." Hakuna kilichosogea. "Sukuma tena." Jasho likamtoka Kimeu usoni kama anayeinua jiwe la msingi, na mguu ukalala vile vile. Mara ya tatu kidole gumba kikatikisika kidogo, kikaacha.

Daktari akaandika kwenye kadi. Halafu akarudi juu ya kadi, akapitisha kalamu kwenye mistari mitupu, mmoja baada ya mwingine.

"Mwezi wa tatu mguu huu ulikuwa unakunjika," akasema. "Niliandika hapa mwenyewe. Miezi minne hii mlikuwa wapi, mama?"

Mumbua aliufunika mguu wa mumewe kwa leso, akaulainisha ukingo wake.

"Nilikuwa nauza nyumba," akasema.