Ukucha na Kichaka cha Binti Yake

Kazini wanamwita Ukucha, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka ishirini na saba ametunza bustani ya hospitali, na hajawahi kuruhusu mmea ukatwe kabla hajaukwangua gome kwa ukucha wa dole gumba. Akiona kijani chini yake, humgeukia mwenye mkasi. "Umelala huo, haujafa. Uache." Hukwangua mara moja tu. Wanaorudiarudia huwaita wauaji.

Nyumbani ana haidrenjia mbili, mimea ya maua. Moja inatambaa ukutani, kijani mwaka mzima, haina habari na baridi wala na mtu. Ya pili ni kichaka kando ya mlango wa jikoni. Baridi ikiingia hupukutisha majani yote, vikabaki vijiti ambavyo asiyevijua angevitia motoni. Kichaka hicho alikipanda binti yake, mtoto pekee aliyezaa na mkewe. "Baba," alikuwa akimtania, "wewe unaipenda ile ya ukutani kwa sababu haikutii wasiwasi."

Binti alifariki mwaka jana. Alilazwa siku tisa katika hospitali ileile, kwenye wodi inayotazama bustani ya baba yake. Kila alipofumba macho, baba alimtikisa bega. "Mama, uko?" Muuguzi alimsihi, "Mzee, mwache apumzike." Hakuweza.

Mwaka huu baridi iling'ang'ania. Mwezi ambao kichaka huchipua ulipita, vijiti vikiwa vilevile. Ukucha akakwangua kimoja, akaona kijani. Roho ikatulia, lakini kwa siku moja. Kesho yake alama ya jana ilikuwa imegeuka kahawia, akakwangua pembeni yake. Ikawa ndiyo kazi yake kila asubuhi kabla ya chai, kijiti hiki na kile. Siku nyingine alifukua udongo aitazame mizizi, akaifukia, kesho akaifukua tena.

"Mzee wangu, si umeshaona ni kizima?" mkewe alimwuliza kutoka mlangoni.

"Niliona jana. Leo sijaona."

Hatimaye joto likarudi, na bustani yote ya hospitali ikachipua. Kichaka nacho kikatoa vichipukizi nchani, vidogo kama punje za mtama. Ukucha alimwita mkewe kwa kelele, wakasimama pale wameshikana mikono, hata chai ikapoa. Siku ya nne vichipukizi vilinyauka vyote.

Alivaa miwani, akachuchumaa. Alama za ukucha wake zilikuwa zimekutana, zimekizunguka kila kijiti, gome halipo tena. Akafukua. Mizizi aliyokuwa akiianika kila mara ilikatika mkononi, mikavu. Alikuwa amewafundisha watu miaka ishirini na saba wasifanye hivi.

Mkewe alikuja akaangalia. Hakumgombeza, na afadhali angemgombeza.

"Kumbe kilikuwa kimelala tu," alisema, akarudi jikoni.

Ukucha alibaki amechuchumaa, udongo umemjaa kuchani. Nyuma yake ile ya ukutani ilikuwa imefunika ukuta kwa maua, na aliichukia kwa moyo wake wote. Alichokisikia ni sauti ya binti yake siku ile ya nane, amechoka hata macho hayafumbuki: "Baba, niache nilale kidogo."

Naye alikuwa amemtikisa tena.