Nadine Kolterman na Mechi ya Bellamy

Kwa miaka thelathini na miwili Nadine Kolterman alifanya kazi ambayo majirani wengi hapa Osterly, Nebraska, hawakuijua vizuri. Aliwatafutia wapinzani vijana wa chuo chetu, wachezaji wa mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu, ambao kwetu ndio mpira. Mechi za ligi hupangwa na ligi yenyewe, lakini kila msimu zinabaki tatu za nje ya ligi, na hizo chuo kinajichagulia. Wengi huchagua wanyonge. Unamwalika mnyonge kwako, unamfunga hamsini na mbili kwa tatu, watu wanarudi nyumbani wamefurahi, na jina lako linapanda katika orodha ya timu bora.

Nadine hakuupenda mtindo huo. Mwaka mmoja alimpigia simu Verlon Tubb, mpanga ratiba wa chuo cha Bellamy kule Georgia, wakapatana mechi mbili: ya kwanza kwao, ya pili kwetu mwaka unaofuata. Bellamy walikuwa moto wa kuotea mbali. Yeye na Verlon walikuwa wakizungumza kwa simu tangu zamani, lakini hawakuwahi kuonana.

Ratiba hizi hupangwa mapema mno, kwa hiyo mechi ilifika miaka saba baadaye. Tulikwenda Georgia tukafungwa kwa pointi mbili. Baada ya hapo tulifungwa mara moja tu tena. Jumapili moja ya Desemba kamati ya taifa ya mashindano ikatangaza timu kumi na mbili za kuwania ubingwa, nasi tukawa wa kumi na tatu. Waliotutangulia walikuwa wamefungwa mara moja tu, na wapinzani wao watatu wa nje ya ligi ungewapiga huku unasinzia.

Kesho yake Nadine alikwenda buchani kwa Dwight Hruska.

"Nadine," Dwight alisema huku akikata nyama, "mwakani tutafutie masista wa kanisani. Huenda hao tukawaweza."

"Masista nimeshawapigia. Waliposikia na wewe utakuwepo na mdomo wako, wakakataa."

Watu walicheka, naye akacheka. Lakini jioni, tulipokuwa tukikwangua theluji mbele ya nyumba zetu, maana mimi ni jirani yake, aliniambia kilichokuwa kimemkaa kooni.

"Wale vijana wa mwaka wa mwisho hawatapata nafasi nyingine. Mimi ndiye niliyewapeleka Georgia."

Jumatano aliitwa na Curtis Brandvold, mkurugenzi wa michezo.

"Ile ya marudiano na Bellamy, ifute."

"Kamati inasema inaangalia umecheza na nani."

"Inasema. Halafu inahesabu umefungwa mara ngapi."

"Basi kosa ni la kamati, Curtis, si la ratiba. Vijana walirudi kutoka kule wamekomaa. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema, ndiyo. Na tangu Jumapili wazazi kumi na mmoja wamenipigia simu. Ifute, Nadine, tafadhali."

Alikaa na simu mbele yake asubuhi nzima. Alipopiga, Verlon alipokea mara moja.

"Dada yangu, siku mbili hizi nakukwepa."

"Unikwepe kwa nini?"

"Bosi anataka tuifute. Anasema kama kwetu mlitubana hivi, huko kwenu mtatumaliza."

Nadine alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Na wangu kanituma hayo hayo."

"Basi mabosi wetu wote waoga."

"Na sisi tunaowapigia simu je?"

Verlon alisema tu kwamba mkewe, Arlene, ameshaitia safari ya Nebraska moyoni, na Septemba watakuja, mechi iwepo isiwepo.

Wakaja kweli. Nadine aliwaokea mikate iliyojazwa nyama na kabichi, kisha sote wanne tukaenda uwanjani. Mechi ya Bellamy ilikuwa imefutwa; mpinzani alikuwa chuo kidogo kutoka Dakota, na tulimfunga hamsini na tisa kwa sifuri. Wakati wa mapumziko watu walianza kurudi kwenye magari yao. Kufika robo ya tatu, Verlon aliweza kunyoosha miguu juu ya kiti cha mbele. Curtis alikuwa safu mbili chini yetu, kofia mapajani. Alikuwa haangalii mchezo, anaangalia viti vitupu.

Jumatatu alifika mwenyewe mezani kwa Nadine.

"Nitafutie mgumu mmoja. Bellamy, au wa aina yao. Wa miaka saba ijayo."

"Wakati huo utakuwa umestaafu."

"Najua."

"Na mimi pia."

"Najua, Nadine."

Nadine alinisimulia haya tukichuma nyanya za mwisho bustanini kwake. Alitaka kumwambia Curtis kwamba kungoja mpaka astaafu nako ni woga, akauma ulimi. Nikamwuliza kama alikubali.

"Nilikubali upesi, kabla hajageuka," alisema. "Watakaocheza siku hiyo sasa hivi wako darasa la sita. Muda wa kujiandaa wanao."